Uvimbe Kinywani: Upi Tuuache, Upi Ukatwe, Upi Uwahishwe Hospitali



Kinywa tunakitumia kila siku kula, kunywa, kusema na kucheka, lakini ni wachache wetu wanaokichungulia ndani. Basi siku ulimi ukigusa kitu kigeni, kama kinundu mdomoni au kinyama ufizini, mtu hushtuka. Mmoja husema ni kansa, akaanza kugawa mashamba. Wa pili husema amerogwa. Wa tatu huchukua wembe. Wa nne hunyamaza miaka 5, mpaka taya linakuwa kama boga. Wote wanne wanaweza kupata hasara, kwa sababu hawakujua ni uvimbe wa namna gani.

Katika makala hii tutaeleza aina za uvimbe wa kinywani usio wa saratani, jinsi unavyotambuliwa na jinsi unavyotibiwa. Tutaeleza pia dalili za hatari, ili ujue wakati wa kutulia na wakati wa kukimbia.

UVIMBE NI NINI?

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizi huzaliana kwa utaratibu. Mahali fulani zikizaliana kupita kiasi, nyama huota. Kuna nyama za aina mbili.

Aina ya kwanza si saratani. Hukua polepole, hukaa pale pale ilipoota, wala haisafiri kwenda mapafuni au kwenye ini. Aina ya pili ni saratani, yaani kansa. Hii hupenya nyama za jirani, na mbegu zake huweza kusafiri mwilini.

Lakini si kila uvimbe ni nyama iliyoota. Mwingine ni mate yaliyokosa njia ya kutoka. Mwingine ni usaha wa jino bovu. Na mwingine si ugonjwa kabisa, bali ni kiungo cha mwili ambacho mtu hajapata kukiona.

JINSI YA KUCHUNGUZA KINYWA

Nawa mikono kwa sabuni. Simama kwenye mwanga wa jua, ushike kioo. Tazama midomo kwa ndani, juu na chini. Vuta shavu utazame ndani yake, kulia na kushoto. Tazama fizi zote. Toa ulimi nje, utazame juu yake na pande zake. Inua ulimi utazame chini yake. Mwisho inamisha kichwa nyuma utazame kaakaa. Kwa mtoto, mzazi amtazamie.

Ukiona kitu, linganisha kulia na kushoto. Kitu kilichopo pande zote mbili kwa namna moja mara nyingi ni cha kawaida. Kisha pima kwa macho: ni kama punje ya mtama, punje ya hindi, harage, au yai la kuku? Andika tarehe na ukubwa. Mganga atakuuliza kilianza lini na kinakua namna gani, na jibu lako litamsaidia sana.

VITU VYA KAWAIDA AMBAVYO WATU HUVIKATA BURE

1. Kimio. Hiki ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na wengine hukiita kilimi au kimeo. Kila mtu anacho. Kazi yake ni kusaidia kumeza na kusema. Watu wengi hukikata kimio cha mtoto kwa kudhani ndicho kinacholeta kikohozi. Kikohozi kina sababu zake, kama mafua, nimonia, pumu au kifua kikuu. Ukikata kimio, sababu hiyo inabaki, na sasa umeongeza jeraha.

2. Vijino vya chonge vya mtoto mchanga. Mtoto wa miezi michache akiharisha na kupata homa, wazee wengine humfungua kinywa wakaona fizi zimetuna mahali pa chonge. Husema, "Ana meno ya plastiki," au "meno ya nailoni," na kwamba yasipong'olewa mtoto atakufa. Ukweli ni huu: pale ndipo chonge za utoto zinapojengwa ndani ya ufizi. Huchomoza baadaye, mtoto akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja na nusu. Jino ambalo halijakomaa ni laini na jeupe. Akilichimbua mtu kwa kisu au spoki ya baiskeli, huliona kama plastiki, na kila mtu huamini.

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake zahanati akaniambia, "Mwanangu daktari, wewe umesoma lakini hujazaa. Meno haya yalitolewa kwa mtoto wa jirani, na akapona." Nilimjibu, "Bibi, shikamoo yako iko palepale. Naomba unisaidie jambo moja. Tutazame fizi za watoto wazima waliokaa hapa barazani." Tukatazama watoto watatu wa rika moja na yule mgonjwa. Wote walikuwa na vituta vilevile, na wote walikuwa wakicheka. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyu anaharishwa na nini?" Hilo ndilo swali la kuuliza. Tukamtibu mtoto kuhara.

Mtoto anayeng'olewa vijino hivi huweza kutoka damu nyingi mpaka akapungukiwa, kupata pepopunda, sumu ya vijidudu kuingia katika damu, au virusi vya UKIMWI kutokana na kifaa kilichotumika kwa wengine. Akipona, huweza kukua bila chonge, au chonge zake za ukubwani zikaota vibaya. Na wakati wote huo kuhara kunaendelea kumkausha maji. Mtoto anayeharisha apewe maziwa ya mama, maji ya ORS (paketi ya lita 1 huchanganywa na lita 1 ya maji safi, si pungufu wala zaidi) na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa. Mwenye homa apimwe malaria.

3. Vipele vya nyuma ya ulimi. Ukitoa ulimi sana utaona safu ya vipele vikubwa nyuma kabisa. Ni vya kuonjea chakula. Viache.

4. Kifundo cha mfupa. Watu wengine wana kifundo kigumu katikati ya kaakaa, au upande wa ndani wa taya la chini. Ni kigumu kama mfupa, hakiumi, na hukua taratibu mno kwa miaka. Ni mfupa kweli. Hukatwa tu kama kinasumbua kula au kinazuia kuvaa meno ya bandia.

5. Vidoa vyeupe vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Huonekana kwenye kaakaa au fizi kama chembe za mchele. Huondoka vyenyewe baada ya wiki chache. Usivikwaruze.

UVIMBE USIO WA SARATANI

1. Kifuko cha mate

Ndani ya midomo kuna vitezi vidogo vingi vinavyotoa mate. Mtu akijing'ata, njia ya kitezi huweza kukatika, na mate yakakusanyika chini ya ngozi. Uvimbe huu hutokea zaidi mdomo wa chini, hasa kwa watoto na vijana. Ni laini, hauumi, una rangi ya bluu kidogo, na ni mdogo kama harage. Hupasuka, ute ukatoka, mtu akafurahi, na baada ya siku chache ukajaa tena.

Kwa hiyo kuutoboa kwa sindano si dawa. Tiba ni mganga wa meno kupiga ganzi na kuutoa pamoja na kitezi kilichoharibika, kisha kushona.

Kifuko cha namna hii huweza pia kutokea chini ya ulimi, upande mmoja. Hicho hutokana na kitezi kikubwa zaidi, na huweza kukua mpaka kuinua ulimi na kuzuia kula au kusema. Hutibiwa hospitali kwa upasuaji, kwa sababu chini ya ulimi pana mishipa ya damu na ya fahamu.

2. Kinyama cha kujing'ata

Hiki huota ndani ya shavu, pembeni mwa ulimi, au ndani ya mdomo, mahali ambapo meno hugusa kila siku. Ni kigumu kidogo, kina rangi ileile ya nyama ya kinywa, hakiumi na hukua taratibu. Mara nyingi chanzo ni jino lililovunjika au meno ya bandia yasiyokaa sawa. Hukatwa kwa ganzi, na jino lenye ncha hulainishwa au kung'olewa. Chanzo kisipoondolewa, nyama itarudi.

3. Kinyama chekundu cha ufizi

Huota kwenye ufizi, mara nyingi katikati ya meno ya mbele. Ni chekundu, laini, na hutoka damu ukikigusa kwa mswaki. Huweza kukua haraka kwa wiki chache, na ndiyo maana huogopesha. Huwapata watu wote, lakini wajawazito zaidi. Mabadiliko ya mwili wakati wa mimba hufanya fizi ziwe nyepesi kuvimba, na uchafu uliogandamana kwenye meno huzidisha. Wala si alama ya kuvunja mwiko au kutembea nje ya ndoa. Mama asisutwe.

Tiba ya kwanza ni usafi: kusugua meno mara 2 kwa siku bila kuogopa damu kidogo, na kusafishwa meno na mganga wa meno. Mara nyingi baada ya kujifungua kinyama husinyaa. Kikitolewa wakati wa mimba huweza kurudi, kwa hiyo mganga huweza kushauri kungoja. Lakini kikitoka damu nyingi au kikizuia kula, hukatwa hata kabla ya kujifungua. Mama akieleze kliniki ya wajawazito.

4. Chunjua ya kinywa

Kama vile chunjua huota mikononi, huweza kuota kwenye ulimi, mdomo au kaakaa. Huwa na vichwa vidogo kama ua la koliflawa, na rangi nyeupe au ya nyama. Huletwa na virusi. Hukatwa kwa ganzi. Zikiwa nyingi, mganga atashauri kupima VVU. Usichukie shauri hilo. Anayejua hali yake mapema hupata dawa mapema.

5. Uvimbe wa mishipa ya damu

Huu una rangi ya zambarau au bluu, ni laini, na ukiubonyeza taratibu hupauka, kisha damu hurudi. Wengine huzaliwa nao. Si saratani, lakini ni wa kuogopa wembe kuliko yote. Ndani yake mna damu tupu, na mtu akiukata kijijini mgonjwa huweza kutoka damu mpaka kufa. Hata zahanati haukatwi. Hupelekwa hospitali kubwa.

6. Uvimbe ndani ya mfupa wa taya

Hapa tuwe makini sana, ndugu msomaji. Kuna uvimbe unaoanzia kwenye chembe zinazojenga meno, ndani ya mfupa, hasa taya la chini kwa nyuma. Huwapata zaidi vijana na watu wa makamo. Hauumi. Hukua polepole kwa miaka. Kwa kuwa hauumi, mtu huendelea kulima na kuchunga, akisema, "Hauniumi, haunizuii kitu." Kumbe ndani unakula mfupa. Meno huanza kulegea na kuhama, uso hupinda, na mwishowe taya huweza kuvunjika.

Kwa kawaida uvimbe huu hausafiri mwilini kama saratani. Lakini ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi. Daktari hupiga picha ya eksirei, na ndani ya mfupa huweza kuonekana vyumba vyumba kama sega la nyuki. Huchukuliwa kipande kikapimwe. Tiba ni kukata uvimbe pamoja na sehemu ya mfupa mzima unaouzunguka. Ukiwahi ukiwa mdogo, hukatwa kipande kidogo, na uso hubaki na umbo lake. Ukichelewa huweza kukatwa nusu ya taya, na kuwekwa bamba la chuma au mfupa kutoka sehemu nyingine ya mwili. Upasuaji wa namna hii hufanywa kwenye hospitali kubwa zenye madaktari bingwa wa kinywa na taya, kama Muhimbili, Dar es Salaam. Baada ya hapo mgonjwa hurudi kutazamwa kwa miaka mingi.

Tofauti ya kufika mapema na kufika kwa kuchelewa ni nusu ya taya.

JIPU LA JINO

Jipu si nyama iliyoota, lakini hufanana nayo. Linauma, lina joto, na karibu yake pana jino bovu. Tiba ni kutoa usaha na kutibu au kung'oa jino. Dawa ya vijidudu peke yake hutuliza tu. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, ulimi ukainuka, mgonjwa akashindwa kumeza mate au kupumua, hiyo ni hatari ya saa, si ya siku. Apelekwe hospitali usiku uleule.

DALILI ZA HATARI

Nenda zahanati upewe barua ya rufaa ukiona mojawapo ya haya:

(a) Kidonda au uvimbe wa kinywani uliokaa zaidi ya wiki 2 bila kupona.

(b) Doa jeupe au jekundu lisilofutika, hasa kwa mvuta tumbaku, mtumia ugoro au mnywaji wa pombe kali.

(c) Uvimbe mgumu ulioshikamana na nyama za chini, wenye kingo zilizoinuka.

(d) Meno kulegea bila sababu, au mdomo na kidevu kufa ganzi.

(e) Matezi magumu shingoni.

(f) Madoa ya zambarau kwenye kaakaa au fizi.

(g) Taya la mtoto kuvimba haraka kwa siku chache, na meno kulegea.

Dalili hii ya mwisho izingatiwe na kila mzazi. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika habari za saratani ya taya kwa watoto, na ugonjwa ukapewa jina lake. Huonekana zaidi katika sehemu zenye malaria nyingi. Hukua haraka ajabu, hata leo na kesho si sawa. Lakini ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri mno. Hautibiwi kwa kisu, bali kwa dawa za hospitali. Watoto wengi wanaowahishwa hupona. Anayezungushwa wiki tatu kwa kuchanjwa na kufukizwa hufika amechelewa.

HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Watu wengine huogopa kwenda kwa sababu hawajui watakachokutana nacho. Utaratibu wake ni huu. Utaulizwa maswali. Utatazamwa kwa taa na kuguswa kwa mikono yenye glavu. Shingo itapapaswa. Huenda ukapigwa eksirei na kupimwa damu.

Kisha daktari huweza kukata kipande kidogo cha uvimbe, au kuutoa wote kama ni mdogo. Utapigwa sindano ya ganzi, na utasikia kusukumwa lakini si maumivu makali. Nyama hiyo huwekwa kwenye chupa yenye dawa ya fomalini na kupelekwa maabara kutazamwa kwa darubini. Hapo ndipo hukumu ya kweli hupatikana, kwa maana macho peke yake hudanganya. Majibu huchukua muda. Rudi uyachukue, hata kama jeraha limepona. Kuna watu wanaosema kukata kipande huamsha kansa. Si kweli. Bila kipimo hicho daktari hajui atibu nini.

Baada ya kukatwa, uma kitambaa safi ulichopewa mpaka damu ikome. Siku ile usisukutue. Kula uji wa vuguvugu au chakula laini. Kuanzia kesho yake sukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, baada ya kula. Usivute tumbaku wala kunywa pombe. Damu ikizidi, homa ikipanda au usaha ukitoka, rudi mara moja.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Tusugue meno kila asubuhi na kila usiku kwa mswaki na dawa yenye floraidi, au mswaki wa mti kama ndio uliopo. Tuache tumbaku ya kuvuta na ya kubwia. Jino lililovunjika litazamwe. Tusipake maji ya betri wala dawa ya kuunguza juu ya uvimbe. Tusikate, tusifunge uzi, tusitoboe. Na kila mwezi, mwenye kioo akichungulie kinywa chake na vya wanawe.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kinywa kina mlango, ndugu msomaji. Kifungue utazame, na ukiona usichokijua kiulizie mapema. Mengi utakayoyaona yatakuwa madogo, na yatatibika kwa siku moja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kuutoboa uvimbe wa mate hakuuponyi?

2. Katika kijiji chenu watu husema nini juu ya meno ya plastiki? Mtamweleza nini mama ambaye mwanawe anaharisha?

3. Uvimbe usiouma unawezaje kuleta hasara kubwa?

4. Taja dalili 4 za kumfanya mtu aende zahanati bila kungoja.

5. Mgonjwa wa kijijini kwenu akipewa rufaa ya hospitali ya mbali, jirani mnaweza kumsaidiaje afike mapema?